Simu Mkononi mwa Mtoto: Sheria ya Australia na Wajibu wa Askari Mzazi

Tarehe 10 Desemba, 2025, nchi ya Australia ilianza kutekeleza sheria ambayo hakuna taifa lililoitangulia kuitumia kwa ukali wa namna hiyo. Kwa sheria hiyo, mtoto aliye chini ya umri wa miaka 16 haruhusiwi kuwa na akaunti katika mitandao mikubwa ya kijamii, na makampuni yenye mitandao hiyo ndiyo yaliyobebeshwa mzigo wa kuhakikisha kwamba amri inatiiwa. Facebook, Instagram, Threads, TikTok, Snapchat, X, YouTube, Reddit, Twitch na Kick zote zimo katika orodha. Kampuni itakayozembea yaweza kutozwa faini ifikayo dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mtoto hatozwi kitu, wala mzazi wake.

Habari hii imetoka mbali, na huenda askari aliye lindoni Karamoja, au polisi aliye zamu katika kituo cha mpakani, akauliza: mambo ya Australia yanihusu nini mimi? Yamhusu sana. Askari ni mtu ambaye kazi yake humtenga na watoto wake kwa miezi, na pengine kwa mwaka mzima. Tangu majeshi yetu yalipoanza kwenda Somalia mwaka 2007, na hata kabla ya hapo, baba wengi na mama wengi wenye sare wamelea watoto wao kwa njia ya simu. Simu ndiyo daraja kati ya kambi na nyumbani. Basi askari ndiye aliyeinunua, akaituma nyumbani kwa nia njema, ili asikie sauti ya mwanawe na kuona uso wake. Lakini daraja alilolijenga yeye, wengine nao hulipita, na si wote waendao nyumbani kwake kwa heri.

Yafaa, kwa hiyo, tuitazame sheria hiyo kwa makini: inafanya nini, haifanyi nini, na ni lipi ambalo sheria yo yote haiwezi kulifanya badala ya mzazi.

SHERIA INAFIKA WAPI

Bunge la Australia lilipitisha sheria hiyo mwishoni mwa mwezi wa Novemba, 2024, na makampuni yakapewa muda wa mwaka mmoja kujitayarisha. Hapo kabla, mpaka uliokuwa ukitumika karibu duniani kote ulikuwa umri wa miaka 13. Mpaka huo haukutokana na shauri la waganga wala walimu. Ulitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iliyokataza makampuni ya intaneti kukusanya habari za mtoto aliye chini ya umri huo pasipo idhini ya mzazi. Makampuni yaliona ni rahisi zaidi kusema kwamba walio chini ya miaka 13 hawatakiwi, kisha yakamwachia mtoto mwenyewe kuandika mwaka wake wa kuzaliwa. Mtoto wa miaka 10 akaandika kwamba ana miaka 18, na mlango ukafunguka. Ni lindo lisilo na mlinzi: pana kibao kinachosema "Simama", lakini hakuna aliyesimama hapo.

Australia imejaribu kuweka mlinzi. Kampuni sasa hutakiwa kuchukua hatua za kweli za kuujua umri wa mtu, kwa kupima sura yake kwa kompyuta, kwa kutazama mwenendo wa akaunti yake, au kwa njia nyingine. Mwezi wa Januari, 2026, serikali ya nchi hiyo ilitangaza kwamba akaunti zipatazo milioni 4.7 zilikuwa zimefungwa au kuzuiwa. Idadi hiyo ni kubwa, lakini isisomwe kwa haraka. Akaunti si mtoto. Mtoto mmoja huweza kuwa na akaunti tatu au nne, na nyingine alikwisha kuzisahau. Askari anayehesabu maganda ya risasi hajui bado ni shabaha ngapi zilizopigwa.

Nchi nyingine zinatazama. Denmark ilitangaza mwezi wa Novemba, 2025, nia yake ya kuweka mpaka wa miaka 15, na Malaysia ikatangaza nia ya kuweka miaka 16. Uingereza ilichukua njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2023 haikumfukuza kijana mtandaoni, bali iliyaamuru makampuni kumkinga na mambo ya kudhuru, kama vile picha za ngono na maneno yanayochochea watu kujiua. Kanuni za sheria hiyo zinazohusu watoto zilianza kutumika mwezi wa Julai, 2025, na faini yake yaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote.

Kuna jambo moja katika sheria ya Australia ambalo msomaji wetu hana budi kulitia maanani. WhatsApp haimo katika orodha. Wakubwa wa Australia waliihesabu kuwa chombo cha kupelekeana habari, kama barua na simu, si uwanja wa watu wote. Sasa, katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, mtoto akipewa simu huanza na WhatsApp. Ndiyo kusema, hata kama sheria ile ingeletwa hapa kesho, neno kwa neno, mlango ambao watoto wengi wa askari huupitia ungebaki wazi.

Lingine ni lile la kuukwepa mpaka. Sisi hatuhitaji kufundishwa na Australia juu ya hilo. Facebook ilipofungwa nchini Uganda mwezi wa Januari, 2021, neno VPN, yaani njia ya kujificha ili ionekane kwamba mtu yuko nchi nyingine, lilienea hata kwa watoto wa shule. Aliye na miaka 14 alimfundisha babaye. Funzo lake ni kwamba kizuizi cha serikali hupunguza mwendo wa wengi, lakini hakimzuii aliyekwisha kuamua kupita. Baada ya kizuizi, panatakiwa mtu.

PROGRAMU HIZI ZINAFANYAJE KAZI

Mzazi hawezi kulinda eneo asilolijua. Hebu basi tueleze kwa ufupi ramani ya eneo lenyewe.

WhatsApp, iliyoanza mwaka 2009, hutumia namba ya simu. Ye yote aliye na namba ya mtoto anaweza kumwandikia, na kama mipangilio haikubadilishwa, anaweza kumwingiza katika kundi lenye mamia ya watu asiowajua. Humo zimo pia picha zinazojifuta baada ya kutazamwa mara moja, na ujumbe unaotoweka wenyewe baada ya siku. Mzazi anayepekua simu na kukuta pako safi asidhani kwamba hapakupita mtu.

TikTok ni kitu cha namna nyingine. Hapo kijana hahitaji rafiki hata mmoja. Huonyeshwa filamu fupi moja baada ya nyingine, na kompyuta ya kampuni hupima ni ipi aliyoitazama mpaka mwisho, ni ipi aliyoirudia, na ni ipi aliyoiruka. Kwa muda mfupi huwa imekwisha kumjua, kisha humletea zaidi ya kile kilichomnasa. Akinaswa na mpira, ataletewa mpira. Akinaswa na huzuni, ataletewa huzuni. Filamu hizo hazina mwisho, kwa sababu kila dakika anayokaa hapo ni dakika ya kumwonyesha matangazo ya biashara, na matangazo ndiyo fedha. Kampuni haimchukii mtoto, wala haimpendi. Inauza wakati wake.

Instagram, iliyoanza mwaka 2010, ni uwanja wa picha, na ndani yake vijana hupimana sura, mavazi na idadi ya wanaowasifu. Mwaka 2021 Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya Facebook, alitoa hadharani karatasi za ndani za kampuni hiyo, zilizoonyesha kwamba watafiti wake wenyewe waliona Instagram ikiwazidishia baadhi ya wasichana chuki juu ya miili yao. Snapchat nayo, ya mwaka 2011, ilipata sifa kwa picha zinazotoweka. Kijana huamini kwamba kilichotoweka hakipo tena. Huo ni uongo. Anayepokea anaweza kuinakili picha kwa kubonyeza vitufe viwili tu, au kuipiga picha kwa simu ya pili.

Makampuni haya, baada ya kulaumiwa katika mabunge na kushtakiwa mahakamani, yameweka kinga kadha. Akaunti ya TikTok ya aliye chini ya miaka 16 huanza ikiwa imefungwa kwa watu wa nje, na hawezi kuandikiwa ujumbe wa faragha. Tangu Septemba, 2024, Instagram ilianza kuwatia vijana katika akaunti maalumu ambazo aliye chini ya miaka 16 hawezi kuzilegeza pasipo ruhusa ya mzazi. Kinga hizi ni njema. Lakini zote zimejengwa juu ya msingi mmoja, nao ni kwamba mtoto amesema kweli juu ya umri wake. Mtoto aliyejiandikisha kuwa na miaka 21 hulindwa kama mtu wa miaka 21, yaani halindwi. Kwa hiyo jambo la kwanza la mzazi si kutafuta kinga mpya, bali ni kuangalia mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa katika akaunti na kuusahihisha.

ADUI AJAPO KWA SURA YA RAFIKI

Kati ya hatari zote, kuna moja ambayo askari na polisi wanapaswa kuielewa hatua kwa hatua, kwa kuwa imeua watoto. Nayo ni unyang'anyi wa kutumia picha za uchi.

Huanza kwa wema. Kijana wa kiume wa miaka 15 au 16 hupata ombi la urafiki kutoka kwa msichana mzuri. Picha zake ni za kweli, lakini zimeibwa kwa mtu mwingine, na anayeandika ni mwanamume, pengine aliye nchi nyingine kabisa. Mazungumzo huwa matamu, kisha huhamishiwa katika programu nyingine iliyo ya siri zaidi. "Msichana" hutuma picha ya uchi, naye humwomba kijana atume yake. Saa ile ile kijana anapotuma, sauti hubadilika. Huonyeshwa orodha ya majina ya rafiki zake, walimu wake na ndugu zake, iliyochukuliwa katika akaunti yake, na huambiwa: leta fedha sasa, ama sivyo wote hawa wataiona. Akilipa, hudaiwa tena. Tangu salamu ya kwanza hadi vitisho huweza kuwa saa chache tu.

Mwezi wa Desemba, 2022, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilitoa onyo kwa taifa zima. Lilisema kwamba kwa mwaka mmoja vyombo vya kulinda sheria vilikuwa vimepokea taarifa zaidi ya 7,000 za uhalifu wa namna hii dhidi ya watoto, kwamba walioumizwa ni 3,000 au zaidi, wengi wao wavulana, na kwamba zaidi ya kumi na wawili walikuwa wamejiua. Mwaka 2024 mahakama ya Marekani katika jimbo la Michigan iliwahukumu ndugu wawili wa Nigeria kifungo cha miaka 17 na nusu kila mmoja. Walikuwa wamepelekwa huko kutoka kwao, baada ya kijana wa miaka 17 kujiua mwezi wa Machi, 2022, katika usiku wa vitisho vyao. Mwezi wa Julai, 2024, kampuni ya Meta ilitangaza kwamba imefuta akaunti zipatazo 63,000 za Instagram huko Nigeria zilizohusika na udanganyifu huo.

Tuyapime mambo haya kama askari. Silaha ya adui huyu si picha. Silaha yake ni hofu ya mtoto kwamba wazazi wake watajua. Picha pasipo hofu hiyo ni bunduki isiyo na risasi. Na hapa, tuseme ukweli bila kuficha, nyumba ya askari ina udhaifu wake. Wengi wetu hulea kwa amri. Tumezoea kwamba kosa hufuatwa na adhabu papo hapo, na ya kuonekana. Desturi hiyo hufaa kwenye kwaride. Lakini mtoto anayejua kwamba akikiri atapigwa, atanyang'anywa simu na kuaibishwa mbele ya kambi nzima, hatakiri. Atauza viatu vyake, ataiba fedha za mamaye, ataendelea kulipa kimya kimya. Mtoto akimwogopa baba yake kuliko anavyomwogopa adui, adui amekwisha kushinda kabla ya risasi ya kwanza.

Tena, adui si mgeni wa mbali peke yake. Uchunguzi uliofanywa na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF katika nchi kadha za Afrika Mashariki na Kusini, na kutangazwa kuanzia mwaka 2021, ulionyesha kwamba mara nyingi anayemdhuru mtoto kwa njia ya mtandao ni mtu ambaye mtoto amjua tayari: jirani, jamaa, rafiki wa familia, mpenzi wa zamani. Basi haitoshi kumwambia mtoto asizungumze na wageni. Aambiwe kwamba hakuna mtu ye yote, awe mjomba, mwalimu au rafiki wa baba, mwenye haki ya kumwomba picha ya mwili wake au kumwamuru afiche mazungumzo yao.

Siku hizi imeongezeka hila nyingine. Kompyuta zenye akili bandia zaweza kuchukua picha ya kawaida ya msichana aliyevaa sare ya shule na kutengeneza kwayo picha ya uchi ambayo haikupigwa kamwe. Kwa hiyo mzazi asiseme kwamba aliyepatwa na balaa hili lazima alijitakia. Pengine hakufanya lo lote.

SHERIA ZETU NA MKONO WA MZAZI

Nchini Uganda sheria ipo. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 imeharimisha kutengeneza, kuwa na, au kueneza picha za ngono za watoto, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha miaka 15. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 hutaka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kukusanywa. Wizara ya Elimu kwa miaka mingi imekataza simu za wanafunzi shuleni.

Lakini katazo hilo la shuleni, ambalo wazazi wengi hulitegemea, lina upande wa pili. Mtoto wa bweni hukaa miezi mitatu bila simu, kisha hurudi likizo na kuishika usiku na mchana, kama aliyefunguliwa gerezani. Hajafundishwa kuitumia kwa kiasi, amefundishwa kuikosa tu. Na aliyemaliza kidato cha nne hukaa miezi nyumbani akingoja matokeo, mikono mitupu, na simu mbele yake. Basi hatari hukua wakati wa likizo, nao ndio wakati ambapo baba askari mara nyingi hayupo.

Wako wanaosema: suluhisho ni kutompa mtoto simu kabisa. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na kwa mtoto mdogo ni sawa kabisa. Lakini tukumbuke kwamba shule za Uganda zilipofungwa kwa ajili ya ugonjwa wa korona, tangu Machi, 2020, hadi Januari, 2022, watoto wengi waliopata masomo yo yote waliyapata kwa redio na simu. Aidha, mtoto asiyepewa simu nyumbani huazima ya jirani, na katika simu ya jirani hakuna mpangilio wo wote uliowekwa na mzazi. Lililo bora ni kumpa kwa wakati wake na kwa masharti, kama vile silaha isivyotolewa ghalani bila daftari kutiwa sahihi.

Masharti yenyewe si mengi. La kwanza, simu ya mtoto ilale nje ya chumba chake. Mambo mengi mabaya hutukia baada ya saa nne za usiku. La pili, mwaka wa kuzaliwa katika akaunti zote uwe wa kweli. La tatu, katika WhatsApp, ibadilishwe mipangilio ili watu anaowajua tu ndio waweze kumtia katika makundi na kuona picha yake, na tarakimu sita zinazoletwa na kampuni kwa ujumbe asizitoe kwa mtu ye yote, hata akijiita mfanyakazi wa kampuni. La nne, TikTok ina njia ya kuiunganisha simu ya mzazi na ya mtoto, ambayo kwayo mzazi huweza kuweka kikomo cha muda na kuchagua nani amwandikie. Njia hii haijali umbali, na askari aliye nje ya nchi anaweza kuitumia madhali ana intaneti. La tano, picha yo yote ambayo mtoto asingependa ibandikwe kwenye ukuta wa kanisa au msikiti, isipigwe.

Mzazi ajue pia kwamba mtoto kwa kawaida hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina na namba ya kitambulisho cha mzazi. Laini hiyo ikitumiwa kumtukana mtu au kumtapeli, polisi wataanza kubisha mlangoni kwa mwenye jina. Kwa hiyo si suala la malezi tu, ni suala la dhamana.

Na mama aliyeachwa nyumbani, ambaye pengine hakusoma sana na haijui simu kama mwanawe aijuavyo, asione haya. Amwambie mtoto: nifundishe. Akae karibu naye, aonyeshwe TikTok ni nini, aulize huyu ni nani na yule ni nani. Mtoto hupenda kuwa mwalimu. Na katika kufundisha, atasema mengi kuliko ambavyo angesema katika mahojiano. Baba naye, apigapo simu mwisho wa juma, asiulize alama za mtihani tu. Aulize: ni nani mpya aliyekuandikia juma hili? Umeona nini kilichokuchekesha? Je, kuna lililokutisha? Kisha aseme maneno haya, na ayarudie hata yakichosha: ukiingia katika shida yo yote katika simu hiyo, niambie mimi kwanza, nami sitakupiga. Akisema hivyo, ayatimize.

USALAMA WA KAMBI

Lipo jambo lingine ambalo ni la askari hasa. Mwezi wa Januari, 2018, iligunduliwa kwamba ramani iliyotangazwa na programu ya Strava, inayotumiwa na watu wafanyao mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imeonyesha wazi mahali pa kambi za kijeshi katika nchi kadha, kwa sababu wanajeshi walikuwa wakikimbia huku simu na saa zao zikiandika kila hatua. Hawakuwa wasaliti. Walikuwa wakifanya mazoezi.

Mtoto wa askari hufanya vivyo hivyo bila kujua. Huweka picha ya baba katika sare, siku ya kuondoka, na magari nyuma yake, na maneno ya kumuaga yanayotaja aendako. Msichana hucheza ngoma mbele ya nyumba za kambi, na nyuma yake laonekana lango, mnara na bendera. Snapchat ina ramani inayoweza kuwaonyesha marafiki mahali mtu alipo. Adui mwenye subira huyakusanya haya kama mtu aokotaye vibanzi. Kwa hiyo mtoto aelezwe, kwa upole na kwa sababu zake, kwamba kazi ya baba haiwekwi mtandaoni. Na mzazi aanze yeye mwenyewe, kwa kuwa wengi wa wanaotangaza sare na safari zao si watoto, ni watu wazima wenye vyeo.

KWENYE MEZA YA POLISI

Mwisho, neno kwa polisi aliye kwenye kaunta. Siku moja ataingia mama na kijana aliyeinamisha kichwa, na shauri lao litakuwa hili. Dakika kumi za kwanza zaweza kuokoa maisha au kuyamaliza.

Kijana huyo ni mlalamikaji, si mshtakiwa. Asiulizwe mbele ya watu kwa nini alituma picha. Apelekwe katika ofisi ya faragha, kwa askari wa Kitengo cha Kulinda Mtoto na Familia. Aambiwe wazi kwamba asilipe tena, kwamba asiendelee kumjibu mhalifu, na kwamba asifute kitu. Ziandikwe jina la akaunti, namba ya simu, siku na saa, na namba iliyotumwa fedha, kwa kuwa njia ya fedha mara nyingi ndiyo huonyesha njia ya mtu. Na kamwe, kamwe, picha yenyewe isitumwe kutoka simu moja ya askari hadi nyingine, wala kuwekwa katika kundi la WhatsApp la kituo kwa kisingizio cha upelelezi. Askari afanyaye hivyo anaeneza kile kile ambacho sheria ya mwaka 2011 imekikataza, na anamaliza kazi ambayo mhalifu alitishia tu kuifanya. Simu yenyewe ndiyo ushahidi. Ihifadhiwe na kuorodheshwa kama kielelezo kingine cho chote.

Familia iambiwe pia kwamba kuna simu ya bure ya kusaidia watoto, namba 116, inayotumika Uganda, na pia Kenya na Tanzania. Na kwa picha ya mtu aliye chini ya miaka 18, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na kudhulumiwa kina huduma iitwayo Take It Down. Simu ya mtoto hutengeneza alama ya picha, na alama hiyo, si picha yenyewe, ndiyo hupelekwa kwa makampuni yaliyokubali, ili yaitambue na kuiondoa. Haigharimu kitu, wala jina halitakiwi.

Baada ya muda tutajua kama sheria ya Australia imefaulu. Huenda ikafaulu, huenda ikarekebishwa, na huenda nasi siku moja tukatunga yetu, na tutakuwa tumejifunza kutokana na makosa ya walioanza. Lakini mtoto aliye na simu usiku huu hawezi kungoja bunge lo lote. Faini ya mamilioni ya dola haitakaa naye chumbani, wala haitamwuliza kwa nini hakula chakula chake. Anayeweza kumwuliza ni mzazi, hata akiwa umbali wa maili elfu moja, madhali amekwisha kumjengea mtoto imani kwamba jibu lo lote atakalolitoa halitamgeuza baba kuwa adui. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Askari apigapo simu nyumbani leo, na aanze hapo.